Je, Kiswahili Kimekufa? Uhakiki wa Msemo Mmoja, na Neno juu ya Matamko ya Watu wa Bara

Kuna msemo ulioenea sana katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, wala hakuna amjuaye aliyeutunga. Kila mtu huusema kwa namna yake, lakini mafungu yake ni haya: Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, na kikazikwa Kongo. Husemwa karamuni, husemwa safarini, husemwa katika vyumba vya walimu, na mara nyingine hata mbele ya mikutano ya wanalugha, na wasikiao hucheka. Sisi pia tumecheka mara nyingi. Lakini neno likirudiwa sana huacha kuwa mzaha tu, likawa kama fundisho. Na mwalimu anayelishika kama fundisho huenda nalo darasani. Kwa hiyo twaona si vibaya kuutazama msemo huu kama tutazamavyo kitabu kilicholetwa mezani: tuulize umetungwaje, wasema kweli au uongo, na wamfanyia nini asikiaye.

Sisi tuandikao haya twakaa Didia, katika barabara itokayo Tinde kwenda Shinyanga. Hapa hupita watu wa kila namna: wapiga debe, wafanya biashara wa Mwanza, madereva kutoka Kenya na Rwanda, vijana waendao Kahama na Geita kutafuta dhahabu. Basi huyasikia matamko mengi mtu aliyeketi chini ya mwembe tu, asiende mahali. Tena sisi wenyewe ni katika watu wanaochekwa. Jambo hili tulikiri tangu mwanzo, ili msomaji ajue tunasimama wapi.

Uzuri wa msemo

Haki itangulie. Msemo umetungwa vizuri. Umeichukua lugha ukaifanya mtu, ukampa maisha kamili, kuzaliwa hata kuzikwa, kwa vitenzi vitano tu, na kila kitenzi kina nchi yake. Hushikika upesi moyoni, nao waenda kama safari kutoka pwani hata maziwa makuu, jinsi misafara ya zamani ilivyokwenda. Tena una onyo ndani yake lisilo la kudharauliwa: kwamba lugha isiyotunzwa huharibika. Asemaye "kitabu yangu" na "mtoto yake" amevunja upatanisho, na upatanisho ndio uti wa mgongo wa lugha za Kibantu. Ikiwa msemo ungetuonya hayo tu, tungeuacha uende zake.

Kosa lake ni kwamba umepima nchi tano kwa kipimo kimoja, nao hautuambii kipimo hicho kilitoka wapi.

Kilizaliwa Unguja

Wataalamu wa lugha hawakubali. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985 juu ya Waswahili, wanaitafuta asili ya lugha hii katika pwani ya kaskazini ya Kenya, nayo ni ndugu wa lugha za Wamijikenda, Wapokomo na watu wa Komoro. Tungo kongwe zilizohifadhiwa zatoka huko huko. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1728, ulitungwa Pate. Mwana Kupona, aliyemwandikia binti yake utenzi wake mwaka 1858, alikuwa mtu wa visiwa vya Lamu. Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa Mombasa. Nchi inayosemwa kwamba ndipo lugha ilipougua ndiyo iliyoinyonyesha.

Je, Unguja imeingiaje? Imeingia kwa njia ya kalamu na ya mikutano. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha mafundisho ya lugha ya Unguja mwaka 1870; Krapf aliyekaa Mombasa alikuwa amefuata Kimvita, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Misheni zikavutana muda mrefu. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Ulikuwa uchaguzi wa kufaa kwa kazi, maana Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara kwa njia za biashara. Lakini kuchaguliwa si kuzaliwa.

Tena kilichochaguliwa kilikuwa Kiswahili cha mjini Unguja. Watu wa Makunduchi na wa Tumbatu, walio katika visiwa hivyo hivyo, husema kwa namna yao wenyewe, nao huchekwa na watu wa mjini jinsi sisi tunavyochekwa na watu wa pwani. Basi hata katika nyumba ya mzazi kuna watoto waliofukuzwa sebuleni.

Kikakulia Tanganyika

Fungu hili latusifu, na kwa sababu hiyo yatupasa kulichunguza zaidi, kwani sifa hupita bila kuulizwa hati. Ni kweli Kiswahili kilikua hapa. Wadachi walikitumia katika kazi za serikali na shule. Gazeti la Kiongozi lilitoka Tanga tangu mwaka 1904. TANU ilikitumia kuwaunganisha watu. Na mwaka 1967 kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote, na katika mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Lakini tuulize: nani walikilea? Sehemu kubwa ya walezi hawakuzaliwa nacho. Julius Nyerere, aliyefasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari mwaka 1963, alikuwa Mzanaki. Mathias Mnyampala, aliyeshika ushairi wa pwani akautumikia hata kufa mwaka 1969, alikuwa Mgogo. Euphrase Kezilahabi, aliyetoa Rosa Mistika mwaka 1971, alitoka Ukerewe. Na katika Ukerewe hiyo hiyo Aniceti Kitereza, mwanafunzi wa misheni, alimaliza mwaka 1945 hadithi ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akangoja miaka mingi, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikapigwa chapa mwaka 1980. Naye akafa mwaka 1981.

Hata maneno ya heshima ya taifa yametoka bara. Nyumba ya Rais huitwa Ikulu, na ikulu kwa Wasukuma na Wanyamwezi ni makao ya mtemi. Neno kung'atuka, alilolitumia Nyerere alipoacha madaraka mwaka 1985, ni la Kizanaki. Mtu asemaye "Ikulu" kwa heshima kisha akamcheka Msukuma kwa ulimi wake amekula ugali akalitukana jembe.

Tena fungu hili lanyamaza juu ya jambo moja. Katika nchi hii iliyokilea Kiswahili, mtoto akifika shule ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kwa sehemu kubwa, hata leo. Kama tungetafuta ugonjwa, pengine tungeuanzia nyumbani.

Kikaugua Kenya

Hapa msemo wagusa watu wanaopita mlangoni petu. Dereva wa Kenya huingia mgahawani akasema, "Nipe chai." Mama mpika chai, aliyezoea kusikia "Naomba chai, mama," hununa, naye humwambia jirani yake kwamba watu wa Kenya wana kiburi. Yule dereva naye akirudi kwao husema watu wa Tanzania ni wapole mno, hawasemi jambo moja bila samahani tatu. Hivyo kila mmoja amepima moyo wa mwenziwe kwa neno moja la mdomoni.

Ndugu walimu, tuangalie desturi zetu wenyewe kabla ya kuhukumu. Msichana wa Kisukuma anapomsalimu mkubwa hupiga magoti, naye husema "Mwangaluka," akitumia kiambishi cha watu wengi kwa mtu mmoja; akisalimiana na rika lake husema "Wangaluka." Heshima yake imo katika goti na katika kiambishi. Mtu wa Dar es Salaam asiyejua hayo atasikiliza Kiswahili chake, hatasikia "naomba" wala "tafadhali," atasema hana adabu. Kumbe adabu imewekwa mahali asipotazama. Ikiwa ndivyo ilivyo kwetu, kwa nini isiwe ndivyo kwa Mkikuyu au Mjaluo, ambao nao wana njia zao za kuheshimu walizozichukua katika lugha za mama zao? Neno "nipe" si tusi katika kila kinywa.

Na juu ya ugonjwa wenyewe: Kenya ilikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la mtihani katika mpango wa shule ulioanza mwaka 1985, na Katiba yake ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mgonjwa huyu angali akitembea.

Kikafa Uganda, kikazikwa Kongo

Uganda ilikuwa mmoja wa wazazi wanne wa Kamati ya mwaka 1930, na katika miaka ya 1950 ofisi ya Kamati ilikaa Makerere. Waganda wengi walikikataa Kiswahili, na Kabaka Daudi Chwa alikipinga waziwazi. Lakini walikikataa kwa sababu walizozijua: walihofu kuunganishwa na nchi za walowezi, na Kiganda chao kilikuwa na vitabu na nguvu. Baadaye wakakichukia zaidi, kwa kuwa walikisikia vinywani mwa askari. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na tangazo la namna hiyo halikukipendezesha kwa mtu. Hata hivyo mwaka 2005 Katiba ilibadilishwa kikawa lugha rasmi ya pili. Kuchukiwa kwa sababu za siasa si kufa.

Kongo ndiko msemo unakotenda udhalimu mkubwa zaidi, nasi watu wa Shinyanga hatuna haki ya kuunyamazia. Nani walikipeleka Kiswahili Kongo? Waarabu na Waswahili wa pwani, ndiyo, na Tippu Tip ni mmoja wao, aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Lakini pamoja nao walikwenda wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma kwa maelfu. Msiri, aliyesimamisha ufalme Bunkeya katika Katanga akauawa mwaka 1891, alikuwa mtu wa Usumbwa, nchi iliyo jirani nasi upande wa Kahama. Na watu wake ndio waitwao Bayeke mpaka leo. Mapadre Weupe walipokabidhiwa Mpala, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walikikuta Kiswahili, wakakitumia katika mafundisho na vitabu vyao. Kisha migodi ya Katanga ikakusanya watu wa lugha nyingi, wakahitaji lugha moja, wakakitengeneza Kiswahili kwa haja zao.

Husema "batu" mahali pa watu. Mtu wa pwani hucheka. Lakini sisi kwetu ni "banhu," na Bantu ndilo jina walilolichagua wataalamu kuyaita mataifa yetu yote. Mkongo amelirudisha neno karibu na shina lake. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yakitaja Kiswahili katika lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Johannes Fabian aliandika kitabu kizima mwaka 1986 juu ya njia Kiswahili kilivyoingia katika utawala na kazi za Katanga. Watu huomboleza kwa Kiswahili katika Bukavu na Lubumbashi, hubatiza watoto, hugombana na kupatana. Kaburi la namna gani hili?

Matamko ya nyumbani kwetu

Tumesema kwamba msemo huu huingia na mwalimu darasani. Sasa tutaonyesha jinsi uingiavyo, maana mtu ajifunzaye kucheka Kongo hatasita kucheka Didia.

Watu husema Msukuma hajui kutamka "r," husema "balabala" na "habali." Ni kweli. Kisukuma hakina "r". Kina "l" peke yake. Hakina "dh" wala "th" wala "gh," ambazo Kiswahili kilizipokea pamoja na maneno ya Kiarabu; kwa hiyo katika machimbo ya Geita utasikia "zahabu," na mizani hupima vile vile. Husema tena kwamba Msukuma huimba asemapo. Hili nalo lina sababu: Kisukuma ni lugha ya toni, sauti ipandapo na kushuka hubadili maana, kama walivyoonyesha Irvine Richardson mwaka 1959 na Herman Batibo mwaka 1985, tena kina irabu saba, na Kiswahili kina tano. Mtoto wetu ajapo shuleni hakuja mtupu. Amekuja na chombo chenye nyuzi nyingi kuliko kile atakachopewa.

Msomaji aitazame "l" hiyo inayochekwa. Sisi twasema "nzala," Waswahili husema njaa. Sisi twasema "nzila," wao husema njia. Sisi twasema "lelo," wao husema leo. Ni Kiswahili kilichoidondosha "l" njiani, na sisi tuliishika. Wala hatusemi kwamba kimekosa. Lugha zote hudondosha na kuokota. Twasema tu kwamba aliyepoteza "l" nyingi hivi hana haki ya kumcheka aliyezidisha moja.

Tena tuupime upendeleo wetu. Mshairi wa Mombasa husema "ndia" mahali pa njia, na "mato" mahali pa macho, nasi twamwambia mwanafunzi aliandike pembeni kwamba hiyo ni lahaja, ni uzuri wa ushairi wa kale. Mtoto wa Didia husema "balabala" akachekwa. Sauti zimebadilika kwa wote wawili. Mmoja ana vitabu nyuma yake, mwingine ana ng'ombe wa baba yake. Hatujapata tofauti nyingine.

Na tusidhani kwamba sisi kwa sisi hatuna ugonjwa huu. Jina lenyewe "Sukuma" maana yake ni kaskazini, na "dakama" ni kusini, hata watu wa upande wetu huitwa Wadakama na wenzao wa kaskazini. Wa Ntuzu huita usemi wao Ginantuzu, kwa "gi" ambapo wengine husema "ki," na wazee wetu wa Didia wamekuwa wakiigeza "gi" hiyo na kucheka tangu sisi tungali watoto. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Na kila mtu ni mgeni mahali fulani.

Kosa letu wenyewe

Tutasimulia jambo moja ambalo hatukulifurahia. Zamani, tulipokuwa bado wageni katika kazi, tulikuwa na msichana aliyesoma vizuri kuliko wenzake, nasi tukamchagua asome somo mbele ya watu siku ya sikukuu. Alipofika penye neno "huruma" alisema "huluma." Tulimsimamisha. Tukamwambia alirudie. Akalirudia vile vile. Tukamwambia mara ya pili na ya tatu, na watu wakaanza kucheka, na mwisho akamaliza somo kwa sauti isiyofika safu ya pili. Mwaka ule hakukubali tena kusoma mbele ya watu, hata kwa kubembelezwa na mama yake.

Baada ya wiki chache tulisahihisha daftari lake la insha. Neno "huruma" lilikuwamo mara nne, na mara zote nne limeandikwa sawasawa. Mkono wake ulijua kila kitu kilichohitajiwa kujuliwa. Basi masahihisho yetu yalisahihisha nini? Hayakumpa neno, kwa kuwa alikuwa nalo. Hayakumpa sauti, kwa kuwa ulimi haugeuzwi kwa kuamriwa mara tatu mbele ya umati. Yalimfundisha tu kwamba sauti yake ni aibu. Na neno tulilomwaibishia, wasomaji wamekwisha kuliona, lilikuwa ni huruma.

Utani na dharau

Wako watakaosema: ninyi watu wa misheni mwataka kuondoa kicheko duniani. Sivyo. Wasukuma na Wanyamwezi wana utani na Wazaramo na makabila mengine tangu siku za misafara, na utani ni katika desturi njema kuliko zote za nchi hii. Lakini utani una sheria. Mtani hucheka, naye huchekwa. Hakuna upande ulionyang'anywa zamu. Tena mtani ana wajibu: siku ya msiba huja, hufanya kazi, husema maneno ambayo ndugu wa marehemu hawawezi kuyasema, na kwa kicheko chake huwainua walioanguka. Asiyekuja msibani si mtani, ni mchekaji tu.

Kwa kipimo hiki msemo wetu umepungukiwa. Mkongo hana zamu ndani yake. Amewekwa mwisho, kaburini, na maiti hajibu. Mwalimu amwigezaye mtoto mbele ya darasa hana utani naye, maana mtoto hawezi kumwigeza mwalimu. Watu walimwigeza sana Rais John Magufuli, aliyezaliwa Chato, kwa tamko lake la kanda ya ziwa. Huo ulikuwa utani, kwa sababu mwenyewe alikuwa na jukwaa la kujibia. Ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Dar es Salaam wa Agosti 2019, ambapo jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Lakini mtoto wa darasa la tatu hana jukwaa.

Ya kufanya

Wengine wameruka upande wa pili, wakasema kila mtu aseme na kuandika apendavyo. Hatukubali. Mwanafunzi wetu atafanya mtihani ule ule wa wenzake wa Tanga, na barua yake itasomwa na mtu asiyemjua. Kwa hiyo twashauri mambo matatu yatengwe, wala yasichanganywe.

La kwanza ni tahajia. Hii ifundishwe bila kulegea. Mtoto asiyetofautisha kwa sikio afundishwe kwa jicho na kwa maana, maneno yakiwekwa mawili mawili: kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari, kula na kura, samani na thamani. Tumeona darasa likipenda sana mchezo huu, hasa mtu alipoandika kwamba mjomba wake alilipa ng'ombe kumi kwa ajili ya mahali. Walicheka wote, na mwandishi akacheka nao, kwa kuwa kilichochekwa kilikuwa ubaoni, hakikuwa kinywani mwake.

La pili ni sarufi. "Kitabu yangu" isahihishwe, awe amesema Mkenya au mwana wa mwalimu. Kwa mtoto wetu kazi hii ni nyepesi, akionyeshwa kwamba Kisukuma chake nacho kina upatanisho, tena huushika sana. Mwalimu asiyejua Kisukuma amwulize mtoto. Kuuliza hakumpunguzii heshima.

La tatu ni tamko. Hili lifundishwe kwa upole, faraghani au kwa darasa zima pamoja, kwa kusikiliza watu wasemao vizuri. Na likisha kufundishwa liachwe. Asiyeweza asitolewe mbele ya watu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Mwisho twawaomba ndugu zetu walimu na mapadre jambo jepesi. Mtoto atakaposema neno la kuchekesha, kabla ya kulikosoa liandikeni, na tamko lake, na mahali alikotoka. Kisha litafuteni katika kamusi ya Padre Sacleux, iliyotoka mwaka 1939, ambayo haikuona haya kuandika maneno ya lahaja nyingi. Mara nyingine mtalikosa, na kosa litabaki kuwa kosa. Lakini mara nyingine mtaliona, limeandikwa kwa jina la Pate, au Mombasa, au Komoro, nanyi mtajua kwamba mlikuwa karibu kumfukuza mtoto kwa sababu ya neno lililokuwa na nyumba yake. Orodha hizo zikitufikia tutazipanga na kuzileta katika kurasa hizi.

Msichana yule sasa ni mama wa watoto, naye ni mwalimu katika shule moja ya upande wa Kahama. Bado husema "huluma." Tumeambiwa kwamba darasani mwake watoto husoma kwa sauti kubwa.